Loji ya Skoki, Kanada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Skoki ni loji ya magogo iliyojengwa kwa ajili ya watu wanaosafiri milimani kwa skii, yaani mbao ndefu zinazofungwa miguuni ili kuteleza juu ya theluji. Haina barabara, haina nguzo ya umeme, na inakaribia kutimiza miaka mia. Hapa tumejibu maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu historia yake, jinsi inavyoendeshwa, na nini hasa kinahitajika ili ufike.

Iko wapi, na kutoka barabarani ni mbali kiasi gani?

Iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff, jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, nyuma ya vilele vinavyotazamana na mji mdogo wa Lake Louise. Kutoka jiji la Calgary hadi Lake Louise ni kama kilomita 180 za barabara kuu. Gari linaishia kwenye maegesho ya Fish Creek. Hapo kuna kilomita 4 hivi za barabara ya huduma inayopanda msituni hadi eneo la Temple, penye loji nyingine, kisha inaanza njia yenyewe, kilomita 11.

Katika hizo 11 unavuka vipito viwili, yaani mapengo kati ya vilele. Cha kwanza ni Boulder Pass, mita 2,345. Unakatiza Ziwa Ptarmigan, ambalo majira ya baridi ni uwanja wa barafu, halafu unapanda Deception Pass, karibu mita 2,475. Loji yenyewe iko mita 2,164, kwa hiyo kutoka kipito cha pili unateremka mita 300 na ushei. Wengi hufurahia mteremko huo na kusahau kwamba siku ya kurudi safari huanza kwa kuupanda.

Mita 2,164 ni chini ya kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Mbona theluji hukaa nusu mwaka?

Kweli, Mandara iko kama mita 2,720, na imezungukwa na msitu wa mvua. Kinachotofautisha ni latitudo. Kilimanjaro iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Skoki iko nyuzi 51 na nusu kaskazini. Mwezi wa Disemba, jua la adhuhuri Skoki huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na bonde lililozungukwa na milima linaweza kukosa jua moja kwa moja karibu mchana kutwa. Halijoto ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na 30 chini ya sifuri si ajabu.

Nani aliijenga, na lini?

Wazo lilikuwa la wenyeji wawili wa mji wa Banff, Clifford White na Cyril Paris, waliokuwa katika klabu ya skii ya Mlima Norquay. Mwaka 1930, dunia ikiwa imeshaingia katika mdororo mkubwa wa uchumi, waliona kwamba Banff ina wageni tele majira ya joto na karibu haina kitu majira ya baridi. Hoteli kubwa za kampuni ya reli zilikuwa zinafungwa. Fundi wa magogo Earl Spencer alijenga nyumba ya kwanza kati ya 1930 na 1931, na wageni wakaanza kupokelewa mwaka huohuo wa 1931. Mwaka 1935 na 1936 iliongezwa ukubwa, na umbo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la wakati huo. Nyumba kubwa ina sebule, chumba cha kulia chakula, jiko na vyumba vya kulala ghorofani, na pembeni kuna vibanda vidogo vya magogo.

Ilikuwa miongoni mwa loji za mwanzo kabisa Kanada zilizojengwa kibiashara kwa ajili ya wanaoteleza kwa skii. Hapo kabla, vibanda vya milimani vilikuwa vya wapanda milima wa majira ya joto, wawindaji au askari wa hifadhi.

Kwa nini walichagua bonde lile, lililo mbali hivyo?

Jengo la aina hii likijengwa mahali pabaya halidumu, hata fundi awe hodari vipi. Linahitaji mambo manne kwa pamoja: maji yanayotiririka hata kwenye baridi kali, miti ya kujengea na ya kuni karibu, miteremko mizuri ya skii ya viwango mbalimbali, na juu ya yote eneo lisilo kwenye mkondo wa maporomoko ya theluji.

Hilo la nne ndilo linaloangusha wengi. Ukitaka kujua mkondo wa poromoko, tazama miti. Mahali palipo na ukanda wazi unaoshuka kutoka juu, au miti michanga yote ya kimo kimoja, au matawi yaliyokatika upande wa mlimani tu, theluji imepita hapo na itapita tena. Miti mikubwa iliyosimama ni dalili kwamba kwa miaka mingi hapajapigwa. Loji ya Skoki imekaa kwenye uwazi mdogo ndani ya msitu wa namna hiyo, kijito kikiwa karibu, na mteremko wa Deception Pass, kando ya Mlima Fossil na bonde la Ziwa Merlin vyote vinafikika kwa safari ya siku moja.

Nyumba ya magogo mabichi hujengwaje bila kupinda?

Hupinda kidogo, na fundi hulijua hilo tangu mwanzo. Miti ya pale ni ya jamii ya misonobari, myembamba na iliyonyooka kwa sababu hukua polepole. Hukatwa, humenywa maganda (ganda likibaki, wadudu na unyevu hujificha chini yake), kisha kila gogo huchongwa kitako cha mviringo kwenye ncha ili likalie mgongo wa lile lililo chini yake. Kitako huchongwa upande wa chini wa gogo. Kikichongwa upande wa juu kinakuwa bakuli la maji, na pembe ya nyumba inaoza.

Gogo bichi likikauka hupungua unene. Kwa ukuta wa mita 2.4, kushuka kwa sentimita 10 hadi 15 katika miaka ya mwanzo ni kawaida. Ndiyo maana juu ya fremu za milango na madirisha huachwa pengo, linazibwa kwa kitu laini na kufunikwa na ubao. Fundi asiyeacha pengo hilo atakuta mlango hauwezi kufunguka na kioo kimepasuka. Bomba la jiko nalo halifungwi kwa misumari kwenye paa, kwa sababu paa linashuka na jiko limebaki palepale.

Magogo ya chini kabisa ndiyo huoza kwanza, maana theluji hulala juu yake miezi mingi na kuyeyuka taratibu. Ukarabati wa majengo ya aina hii huanza hapo: nyumba huinuliwa kwa jeki, gogo bovu hutolewa, la jamii ileile na unene uleule huingizwa.

Wageni wa kwanza walifikaje?

Kwa treni hadi stesheni ya Lake Louise, kisha kwa skii siku nzima. Hapakuwa na lifti ya kupandisha watu mlimani wala barabara ya kupanda hadi Temple. Safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba kilijengwa kibanda cha kupumzikia njiani, Halfway Hut, ambacho bado kipo. Leo ni cha kujikinga na upepo mchana tu, kulala hairuhusiwi.

Skii za wakati huo zilikuwa mbao ngumu, ndefu kupita kimo cha mtu, na nyingi zilikuwa bado hazina kingo za chuma. Kupandia walitumia ngozi ya sili iliyofungwa chini ya skii. Manyoya yake yamelala upande mmoja, hivyo skii husonga mbele lakini hairudi nyuma. Leo ngozi hizo ni za nailoni au manyoya ya mbuzi wa angora, zenye gundi. Kanuni ni ileile.

Nani wameiendesha?

Miaka ya mwanzo walikuwapo Peter na Catharine Whyte. Peter alikuwa ndugu yake Clifford White. Tahajia tofauti ya jina aliichagua mwenyewe. Catharine alitoka Concord, Massachusetts, na wote wawili walikuwa wachoraji waliokutana katika chuo cha sanaa Boston. Walipika, walichana kuni, na walichora milima ile. Jumba la makumbusho lenye jina lao mjini Banff, lililofunguliwa mwaka 1968, ni zao la kazi na mali yao.

Baadaye katika miaka ya 1930 aliingia Sir Norman Watson, Mwingereza mwenye fedha, aliyetamani kuona milima ya Kanada ikiwa na maisha kama ya Uswisi, hadi mifugo malishoni. Ndoto ya ng'ombe haikutimia, lakini mtaji wake ulisukuma ujenzi wa loji ya Temple na hatimaye viwanja vya skii vya Lake Louise.

Katika miaka ya 1940 jina kubwa ni Elizabeth Rummel, aliyejulikana kwa wote kama Lizzie. Alizaliwa Ujerumani katika familia ya kikabaila mwaka 1897, vita vikawakuta Kanada, mali ikapotea, naye akaishia kuwa mmoja wa waendeshaji loji wanaoheshimika kuliko wote katika milima hiyo. Baada ya Skoki alimiliki kambi yake karibu na Mlima Assiniboine kwa miaka ishirini. Ukisoma habari za loji hizi utaona mara nyingi wanaume ndio wanatajwa kwa kujenga, ilhali waliozifanya zidumu, jikoni na kwenye hesabu, ni wanawake kama Catharine na Lizzie.

Ni kweli mwanahisabati maarufu alifia pale?

Ndiyo. Raymond Paley, Mwingereza aliyezaliwa 1907, alikuwa ameshafanya kazi na wanahisabati Littlewood, Zygmund na Norbert Wiener, na nadharia zenye jina lake bado zinafundishwa vyuo vikuu. Tarehe 7 Aprili 1933 alikuwa akiteleza peke yake kwenye Mlima Fossil, jirani na loji, theluji ikakatika na kumchukua. Alikuwa na miaka 26. Amezikwa Banff.

Kwa nini theluji ya milima hiyo ina sifa mbaya?

Kwa sababu ni chache, na baridi ni kali. Mtu asiyeijua theluji hudhani nyingi ndiyo hatari, kumbe theluji nyembamba juu ya ardhi isiyoganda sana huleta tatizo baya zaidi.

Chukua mfano wa mwezi wa Disemba. Ardhini halijoto ni karibu sifuri. Juu ya theluji ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama kina ni sentimita 80, tofauti ni nyuzi 2.5 kwa kila sentimita 10. Ikizidi nyuzi 1 kwa sentimita 10, mvuke hupanda kutoka chini na kubadilisha punje za theluji kuwa chembe zenye pembe, zisizoshikana, mfano wa sukari ya mchanga. Ukichota mkononi zinamwagika. Tabaka hilo hubaki chini msimu mzima, na kila theluji mpya inayoanguka inakaa juu ya msingi usioshika. Uzito ukizidi, au mtu mmoja akikanyaga mahali ambapo tabaka la juu ni jembamba, bamba zima linakatika na kushuka.

Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Njia ya kawaida ya kwenda Skoki inaepuka sehemu kubwa ya miteremko hiyo, lakini inapita chini ya baadhi yake, na ukitoka nje ya njia kutafuta theluji laini umeshaingia humo.

Mizigo hufikaje?

Hapa ndipo historia nzima ya Skoki ilipo. Kila unga, kila kioo cha dirisha, kila kitanda cha chuma kimevushwa vipito viwili. Majira ya joto farasi wa mizigo hubeba vile visivyooza. Majira ya baridi, zamani, ilikuwa mgongo wa binadamu na sleji. Siku hizi pikipiki ya theluji huvuta shehena, kwa idhini ya hifadhi. Mzigo wa farasi lazima ulingane pande zote mbili kwa uzito. Tofauti ya kilo chache tu huzungusha tandiko na kumchubua mnyama mgongoni, na farasi mwenye kidonda ni hasara ya wiki kadhaa.

Takataka zinarudi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo sababu loji haikukua kuwa hoteli: kila kitanda kinachoongezwa kinaongeza mzigo wa kwenda na wa kurudi.

Kwa nini hakuna umeme wala maji ya bomba?

Bomba lingeganda. Kuliweka chini zaidi ya pale ardhi inapoganda kungehitaji kuchimba mwamba ndani ya hifadhi, na mashine za kuchimbia zingehitaji barabara. Maji huchotwa kijitoni kwa ndoo, mwanga ni mishumaa na taa za mafuta, joto ni jiko la kuni. Vyoo viko nje.

Jiko la kuni kwenye nyumba ya magogo lina adui mmoja mkubwa: kuni mbichi. Moshi wake una maji mengi, unapoa ndani ya bomba na kuacha masizi yenye lami. Siku moto ukipanda sana, lami hiyo inawaka ndani ya bomba. Kwa hiyo kuni hupasuliwa na kupangwa mapema zikauke, na bomba hukwanguliwa mara kwa mara msimuni.

Hadhi ya kihistoria inamaanisha nini kwa nyumba yenyewe?

Skoki ilitangazwa kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa la Kanada mwaka 1992. Tangu hapo matengenezo yanapaswa kulinda sura na mbinu za ujenzi wa asili: magogo, paa la mteremko, mpangilio wa majengo kwenye uwazi ule. Huwezi kubandika dirisha la alumini kwa sababu ni rahisi. Watu wengi nje ya Kanada waliisikia mara ya kwanza Julai 2011, Prince William wa Uingereza na mkewe Catherine walipolala hapo usiku mmoja. Wao walifika kwa helikopta.

Kuna uhusiano wowote kati ya skii na milima ya Afrika Mashariki?

Upo mdogo lakini wa kweli. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na kuteremka kwa skii. Vibanda vya Kilimanjaro na loji kama Skoki ni majibu mawili kwa swali lilelile la mahali pa kulala njiani, ila Kilimanjaro kibanda ni kituo cha kuendea kileleni, na Skoki loji ndiyo mwisho wa safari.

Nikitaka kwenda majira ya baridi, nifanye nini?

Weka nafasi mapema. Vitanda ni vichache, kama ishirini na kitu. Lipia kibali cha kuingia hifadhini. Halafu:

- Asubuhi ya safari soma taarifa ya hatari ya maporomoko inayotolewa na Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa, kwa eneo la Banff. Ikiwa ni kiwango cha juu, ahirisha.
- Kila mtu, si kila kundi, abebe kifaa cha kumtafuta aliyefukiwa, kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio ya 457 kHz, fimbo ndefu ya kuchokolea theluji, na beleshi la chuma. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa ya kupona. Baada ya hapo nafasi hushuka haraka. Kusubiri waokoaji si mpango.
- Anza mapema. Mtu wa wastani hutumia saa 3 hadi 5 kutoka Temple.
- Begi lisizidi kilo 8 au 10. Matandiko na chakula viko huko.
- Vaa nguo ya ndani ya sufu, siyo pamba. Pamba ikilowa jasho haikaushi, na ukisimama Boulder Pass kwenye upepo utajua.

Mambo gani huharibika zaidi njiani?

Kwanza, gundi ya ngozi za kupandia. Ikishika theluji kwenye baridi hainati tena kwenye skii. Ukizivua, ziweke ndani ya koti karibu na mwili, na beba kamba za mpira mbili za kuzifunga zikigoma. Pili, malengelenge: bandika plasta unaposikia joto kisiginoni, usingoje uchungu. Tatu, Ziwa Ptarmigan siku ya ukungu. Ardhi nyeupe, mbingu nyeupe, huoni hata kama unapanda au unashuka. Weka njia kwenye ramani ya GPS kabla ya kuondoka, na simu iweke mfuko wa ndani, maana betri hufa kwa baridi. Mtandao wa simu usiutegemee.

Majira ya joto inafunguliwa?

Ndiyo, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kwa miguu. Vipito vinaweza kuwa na theluji hadi Julai, na mbu ni wengi karibu na maji. Dubu wameamka: tembeeni kwa kundi, zungumzeni kwa sauti, na dawa ya kupulizia dubu iwe kiunoni, si ndani ya begi.